Uvimbe Usiouma Ndio wa Kuutafuta

Jino likiuma, mwanamke wa Kashai, Bukoba, hachelewi kwenda zahanati. Kivimbe cha titi kisichouma anaweza kukaa nacho mwaka mzima bila kumwambia mtu. Tumezoea kufuata maumivu, na saratani ya matiti mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Vikwazo vingine vya kujikagua viko nyumbani. Katika nyumba za kupanga, bafu ni la wote, na jirani amesimama nje na ndoo yake; nani atajikagua humo kwa utulivu? Fanyia kitandani, kabla hujainuka. Wapo wanaoogopa jibu, na wapo wanaoambiwa wamerogwa, miezi ikaishia kwa mganga. Anayenyonyesha husema ni maziwa, na mara nyingi ni kweli, ila uvimbe usiopungua mtoto akishanyonya uonyeshwe. Wengi, lakini, hawajafundishwa tu. Ukipeleka mtoto kliniki, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mkono. Bango la ukutani halitoshi.

Chagua siku chache baada ya hedhi kwisha, matiti yakiwa laini. Aliyekoma hedhi ashike tarehe moja ya mwezi. Lala chali, mkono wa kushoto chini ya kichwa, upapase titi la kushoto kwa vidole vitatu vya kati vya mkono wa kulia. Tumia nyama ya vidole, siyo kucha. Zungusha viduara vidogo: kwanza kwa wepesi, kisha kaza kidogo, mwisho mpaka uzisikie mbavu. Anzia kwenye mtulinga, shuka hadi chini ya titi, umalizie kwapani, maana kwapa husahauliwa sana. Kisha hamia upande wa pili. Kwenye kioo tazama ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla, au inayotoa damu.

Tusidanganyane: utafiti mkubwa wa Shanghai, ambao matokeo yake yalitolewa 2002, haukuona kwamba kufundishwa kujichunguza kulipunguza vifo. Faida yake ni kulijua titi lako, ili likibadilika uwahi kupimwa. Vivimbe vingi si saratani, lakini vidole haviwezi kutofautisha. Ukigusa kivimbe, anzia kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Matibabu ya saratani yenyewe yapo katika hospitali za Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Mweleze mhudumu ulikigusa lini na kama kimekua, na usikubali kuondoka na dawa za maumivu kabla titi halijapapaswa.