Vidokezo 9 vya Kutengeneza Pampu Inayojizima Yenyewe

Maji ya mgao hayaji kwa miadi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeshajipanga: tenki moja liko chini ya ardhi, linapokea maji ya bomba saa yoyote yanapotoka, hata saa nane usiku; jingine liko juu ya mnara, na pampu iko katikati. Kilichobaki ni mtu wa kuwasha na kuzima. Mtu huyo hulala, huenda sokoni, hupokea simu akajisahau. Kifaa cha kumpumzisha unaweza kukitengeneza nyumbani kwa vitu vinavyouzwa Kariakoo. Ukiamua, zingatia haya.

1. Anza na tenki la chini

Karibu kila mtu huanza na swali la tenki la juu likijaa itakuwaje. Likijaa, maji yatamwagika na utapoteza uniti chache za Luku. Tenki la chini likikauka pampu ikiwa inazunguka, utapoteza pampu. Maji yanayopita ndani ya pampu ndiyo yanayopoza na kulainisha sili ya shafti. Yakikosekana, sili hupata moto na kuungua, na kama impela ni ya plastiki, huyeyuka. Kwa hiyo kifaa chako kiulize maswali mawili kila mara: juu panahitaji maji? Chini yapo? Jibu moja likiwa hapana, pampu isimame.

2. Weka alama mbili

Ukiweka alama moja tu, pampu itawaka na kuzima kila viwimbi vya maji vikigusa alama hiyo, na mota itaungua kwa kuwashwawashwa. Weka alama ya kuwashia kwenye robo ya tenki, na ya kuzimia kama shubiri moja chini ya bomba la kumwagia maji ya ziada. Tenki la lita 1,000 likipangwa hivyo hupandishiwa zaidi ya lita 500 kwa mkupuo, na pampu hupata muda wa kupumzika.

Ukipenda mambo ya saketi, iko chipu ndogo iitwayo 555, inayouzwa tangu 1972, ambayo alama hizi mbili imezaliwa nazo. Hubadilisha hali kwenye theluthi moja na theluthi mbili za volti unayoipa, na katikati ya hapo hubaki ilivyokuwa. Mafundi redio wengi wanayo kwenye boksi la vipuri.

3. Usilidharau boya

Kabla ya sensa yoyote ya kisasa, fikiria floti: swichi iliyofungiwa ndani ya boya, ikielea mwisho wa waya wake. Haina programu ya kuharibika. Ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, waliandika katika karne ya 9 kitabu kizima cha mitambo, na ndani yake yamo maboya yanayofunga maji yakifika kimo kinachotakiwa. Kanuni hiyo hadi leo haijapoteza kazi.

Siri ya floti ni kipande cha waya kati ya mahali ulipoufunga na boya lenyewe. Kiwe kirefu, boya litapanda na kushuka umbali mkubwa kabla ya kugeuka, na hapo tayari una alama zako mbili. Floti moja juu na moja chini, zikifungwa kwa kufuatana kwenye waya mmoja, ni kidhibiti kamili. Rangi za waya hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo pima kwa mita, usibahatishe. Na usipitishe umeme wa volti 230 ndani ya maji mnayoyatumia. Ganda la waya likichakaa, hatari inaingia ndooni. Pitisha volti 12 za kuamuru rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo), basi.

4. Vijiti visiwe vya shaba

Njia nyingine ni kutumbukiza vijiti vya chuma vya urefu tofauti. Maji yakivigusa, umeme mdogo hupita. Ni rahisi mno, lakini umeme wa upande mmoja ukipita muda wote, kijiti kimoja huliwa na kingine huota ukoko. Tumia chuma kisichoshika kutu, na uviamshe kwa sehemu ya sekunde tu kila baada ya sekunde kadhaa. Vijaribu kwa maji yaleyale ya nyumbani: maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua, na mita inaweza kukupa jibu tofauti kabisa.

5. Sensa ya mwangwi ipe nafasi

Hii hutuma mlio usiosikika na kungoja mwangwi urudi kutoka kwenye maji. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita moja ya umbali, kwenda na kurudi, huchukua maikrosekunde 58 hivi. Programu yako inagawanya tu, iwe kwenye Arduino au kwenye ubao mwingine mdogo wa kompyuta.

HC-SR04, ile yenye macho mawili, ni nzuri ya kujifunzia mezani. Ndani ya tenki mvuke huiua. Tafuta ile isiyoingiza maji, yenye jicho moja na waya mrefu, ila ujue haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Lazima ikae juu ya alama ya kujaa kwa kiasi hicho. Iweke mbali na bomba linaloingiza maji. Chukua vipimo vitano na utumie kile cha katikati, maana maji yanapoingia huchafuka. Tenki jeusi likipigwa na jua la mchana, hewa ya ndani ikafika nyuzi 40, sauti hukimbia zaidi na kipimo cha mita moja hukosea kwa sentimita tatu na nusu hivi. Kwa kazi hii si neno.

6. Rilei ndogo isibebe mota

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Rilei ya bluu imeandikwa ampea 10, pampu ya hospawa moja hutumia pungufu ya hapo, mtu anaona inatosha. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Cheche huunganisha ncha za rilei, zikagandana. Siku hiyo programu itaamuru kuzima, taa ya rilei itazima, na pampu itaendelea. Rilei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya mota, na kontakta ndiyo iwashe pampu, pamoja na ovalodi iliyowekwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Kazi hii ya umeme mkubwa mpe fundi mwenye leseni, na mwombe ethi iliyo hai na brekari inayokata umeme ukivuja miliampea 30.

7. Ipe muda wa mwisho

Kama ningeruhusiwa kukupa kidokezo kimoja tu, kingekuwa hiki. Pima tenki lako hujaa kwa dakika ngapi. Ikiwa ni 40, ongeza robo: 50. Dakika hizo zikipita na tenki bado halijajaa, pampu izime, king'ora kilie, na isiwake tena hadi mtu abonyeze kitufe. Bomba limepasuka, valvu imefungwa, hewa imeingia kwenye bomba la kunyonyea, sensa imedanganya: yote hayo yananaswa na kipima muda kimoja tu.

8. Umeme ukirudi, usikimbilie

Baada ya kukatika, umeme mara nyingi hurudi ukiwa dhaifu au hukatika tena papo hapo. Subirisha pampu dakika tatu hadi tano.

9. Jaribu kwa ndoo, kisha chomoa waya

Kabla ya kupanda mnarani, panga ndoo mbili sakafuni, na taa ya kawaida mahali pa pampu. Jaza, mwaga, tazama. Ukiridhika, anza kuharibu kwa makusudi: chomoa waya wa floti ya juu, kisha wa chini, kisha funika jicho la sensa kwa kitambaa. Kila mara taa lazima izime. Ikiendelea kuwaka, geuza mpangilio ili floti iwe imeunga pale tu pampu inaporuhusiwa, na mwangwi usiporudi programu ihesabu kwamba tenki limejaa. Rudia hadi waya wote uwe umechomolewa, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo uchukue ngazi.