Kundi la nyuki katika muembe: tufanye nini?



Siku moja, wakati wa rekreasio, muembe wa kiwanja chetu ulipata wageni. Nyuki walishuka wakajikusanya juu ya tawi moja, kundi kubwa kama kichwa cha mbuzi. Wengine wetu walikimbia kutafuta karatasi na petroli ili kuwachoma. Muzee mumoja mulinzi aliwazuia. Somo hili tulilipata kwake, na lingine tulilipata kwa kukosea.

1. Kundi hili ni nini?

Nyuki hawakuja kufanya vita. Nyumba yao ikijaa, malkia muzee anatoka na sehemu kubwa ya wafanyakazi, anaachia nyumba malkia mupya, ambaye anakomaa kwa siku 16 tu tangu yai. Mbele ya kutoka wanajaza matumbo asali ya safari. Ndiyo sababu kwa kawaida wanakuwa wapole. Wapelelezi wanatafuta shimo la muti, halafu wanarudi kucheza juu ya kundi ili kuonyesha njia. Karl von Frisch, aliyeeleza muchezo huo wa nyuki, alipata zawadi ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili.

Lakini angalieni: nyuki wa Afrika wanahama pia sababu ya njaa, moto ao siafu. Kundi la namna hiyo lina hasira.

2. Namna ya kulikamata

Kwanza, wanafunzi wote wakae mbali. Kazi hii ni ya mutu anayeijua. Anangoja mangaribi. Anavaa nguo ndefu na kitambaa cha uso, anapuliza moshi kidogo. Chini ya tawi anaweka sanduku ya mbao iliyopakwa nta, anatikisa tawi mara moja kwa nguvu. Kama malkia ameanguka ndani, wengine watamufuata wenyewe.

Nyuki akikuuma, toa mwiba upesi na uondoke. Usimuponde: harufu yake, inayofanana na ndizi mbivu, inaita wenzake. Mutu akivimba mudomo ao akikosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Kundi letu la kwanza lilikaa siku chache, likaenda. Tuliweka sanduku chini, siafu wakaingia. La pili tulilitundika kwa waya iliyopakwa mafuta machafu ya motokari. Hilo lilikaa.

3. Chakula chao hapa kwetu

Pori letu la Kolwezi ni miombo. Muputu unatoa maua mbele ya mvua, karibu Septemba na Oktoba. Mutondo unafuata kuelekea mwisho wa mvua. Katika muji kuna miembe, avoka na mikaliptusi. Hapana maua, hapana asali. Tena nyuki wakitembelea maua ya avoka, matunda yanaongezeka.

Na hapa ndipo shida. Miti ile ile ya asali ndiyo inayokatwa kwa makala, na mashimo ya migodi yanapanuka. Hata muzinga wa ganda la muti unaua muti, kwa kuwa muti uliochunwa kuzunguka pande zote unakufa. Muzinga wa mbao unaacha muti uishi.

Tusilaumu upesi. Mama anayepika bukari kwa makala hana moto mwingine, na baba anayechoma makala analipa masomo ya watoto kwa kazi hiyo. Lakini gunia la makala linauzwa mara moja, na muti uliosimama unatoa maua kila mwaka.

Maulizo ya kujibu katika kalasi

a) Kwa nini kundi lililojaza matumbo ni pole?
b) Kwa nini kundi letu la kwanza lilihama?
c) Nyumbani kwenu munapika kwa makala. Ni muti gani mungeweza kupanda, na wapi?

Ulizo la tatu, tulijibu pamoja na wazazi.