IFO YETU NA SUALA LA MTI

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa kazi ya kueleza jinsi mji huu wetu wa Ifo unavyoweza kuhuishwa bila kuyaharibu mazingira. Nilidhani ni kazi rahisi, lakini wapi!

Ifo ilifunguliwa mwaka wa 1991, na mwaka uliofuata zikaja Hagadera na Dagahaley. Kambi hizi tatu zilikusudiwa watu 90,000. Wakati wa njaa ya 2011, Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Kila sufuria ilitaka kuni na kila aqal ilitaka vijiti. Miti ya karibu ikaisha, akina mama wakawa wanakwenda mbali, na huko porini wengine walishambuliwa. Ndipo UNHCR ikaanza kugawa kuni mwaka wa 1998, ingawa zilitosheleza sehemu tu ya haja.

Ardhi ikibaki uchi, hata mvua huwa adui. Mvua yetu ni haba, lakini ikija huja kwa fujo. Mwaka wa 2006 mafuriko yaliwahamisha maelfu ya watu hapa Ifo, na mwishoni mwa 2023 barabara za bloku ziligeuka laga tena. Maji yanapita mbio, yanabeba udongo, na baada ya wiki mbili tunapanga foleni ya jerikeni kama kawaida.

Mtu atasema, "Mbona mathenge imejaa kila mahali?" Ni kweli, ina kivuli na makaa yake ni mazuri. Lakini ukiikata inachipuka, na mbuzi akila maganda yake hutapanya mbegu kwa mavi. Wananchi wa Baringo, mwaka wa 2006, walishtaki na wakampeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa ajili yake! Kwa hivyo, tuikate kwa kuni na ua, na mahali pake tupande mwarobaini au mgunga wa kienyeji.

Sasa nifike kwenye kiini. Tatizo la Ifo si mbegu, ni swali la baba yangu: "Mti wa nani? Kesho tutaambiwa tufunge mizigo." Simlaumu. Mei 2016 ilitangazwa kambi zitafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo. Machi 2021 ikatangazwa tena, na siku ya mwisho ikawekwa kuwa 30 Juni 2022. Mwaka huo wa 2021 nilikuwa nimeleta mche wa mwarobaini kutoka shuleni. Siku ile habari ilipotoka kwenye redio, hakuna aliyeumwagilia, hata mimi. Mbuzi wa jirani wakaumaliza.

Siku ya mwisho ikaja, ikapita, na sisi tupo. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Mimi sijui kama utafaulu. Ninalojua ni kwamba kama ule mche ungeishi, leo nyanya angekuwa ameketi kivulini.

Basi mwaka jana nilipanda mwingine. Chimba shimo kabla ya mvua, kisha jenga tuta la nusu duara upande wa chini, ili maji yanayoteremka yanaswe. Zungushia miiba, tena mingi, maana mbuzi wa Ifo si mchezo. Wakati wa kiangazi tumia maji ya udhu. Kwetu tunaswali watu watano, mara tano kwa siku. Tukihesabu lita moja kwa kila udhu, ni lita 25, yaani zaidi ya jerikeni nzima iliyokuwa ikimwagwa mchangani. Maji hayo hayana sabuni, na mche mdogo hauhitaji hata nusu yake.

Baba hajasema lolote. Ila nimeona birika na lile jiwe lake la kutawadhia vimehamia kando ya shimo, na si mimi niliyevihamisha.

Miche ya chama iko nyuma ya stoo ya shule. Anayetaka aje na mkebe wake, na awe amekwisha kukata miiba. Tunataka kumaliza kugawa kabla mvua ya Deyr haijaanza.