KUPIGA PICHA MAJENGO YALIYOACHWA MASHAMBANI

Katika nchi ya Marekani, mara nyingi ghala la mkulima wa zamani lilikuwa jengo la mbao kubwa kuliko nyumba yake mwenyewe. Chini walikaa farasi na ng'ombe. Juu darini ziliwekwa nyasi kavu za kuwalisha wanyama wakati wa baridi. Trekta zilipochukua kazi ya farasi katika karne ya 20, faida ya maghala hayo ilipungua. Milango yake ilikuwa myembamba kwa mitambo mipya, na kutengeneza paa kulihitaji fedha nyingi. Basi mengi yaliachwa, mvua ikaingia, nguzo zikaoza, nayo yakaanguka.

Kwa sababu hiyo wako watu, huko Marekani na Uingereza pia, ambao siku za mapumziko huenda mashambani kuyapiga picha majengo ya namna hii. Anayewaona aweza kudhani kwamba wanachezea magofu tu, lakini picha iliyopigwa kwa uangalifu ni ushahidi. Mwaka 1933 Charles Peterson, msanifu majengo katika idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, alitoa shauri kwamba wasanifu waliokosa kazi waajiriwe kupima na kuchora majengo ya kale, nayo yapigwe picha. Shauri hilo lilikubaliwa mwaka huo huo. Michoro na picha hizo zimewekwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, na baadhi ya majengo yaliyomo hayaonekani tena mahali pengine popote.

Kazi hii haihitaji kamera ya thamani. Simu yenye kamera yatosha, ikiwa mwenye kuishika atafuata mambo haya.

Kwanza, ruhusa. Jengo lililoachwa halikosi mwenyewe. Mpiga picha na abishe hodi, aeleze nia yake, wala asiondoe hata msumari mmoja.

Pili, mwangaza. Saa sita mchana jua la nchi zetu huwa karibu na utosi, nao ukuta huonekana bapa, hauna uhai. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri, jua hupita ubavuni, na kila ufa na kila alama ya shoka huonekana.

Tatu, mahali pa kusimama. Kamera ikiinuliwa juu, kuta huonekana kana kwamba zinainamiana. Ni heri kurudi nyuma hatua kadhaa na kuishika kamera sawasawa.

Nne, utaratibu. Zianze picha za kila upande wa jengo zima, kisha pembe zake, na mwisho vitu vidogo: bawaba, maungo ya mbao, kamba za kufungia fito. Fimbo ya urefu wa mita 1 ikiegemezwa ukutani, mtazamaji atajua kimo cha jengo.

Tano, usalama. Mtu asiende peke yake, wala asipande juu ya mbao zilizooza. Nyoka na nyigu hupenda mahali pasipo na watu, na kisima cha zamani chaweza kufichwa na majani.

Sita, maandishi. Mahali, tarehe, na upande ulikoelekea ukuta viandikwe siku ile ile. Wazee waulizwe ni nani aliyejenga, kwa kazi gani, na kwa nini jengo likaachwa. Pasipo maneno hayo, wajukuu wataona ukuta tu, wasijue habari yake.

Huko Gedi, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, kuta za mawe ya matumbawe zimesimama hata leo, ingawa mji uliachwa katika karne ya 17. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Jiwe limewangoja watu kwa muda mrefu, lakini ghala la fito, lililosukwa na babu kwa kuhifadhi mahindi yake, halina subira hiyo. Mchwa wakishaingia, misimu michache ya mvua yatosha kulimaliza. Basi mwenye kutaka kujifunza kazi hii hana haja ya kusafiri mbali. Na aanze na jengo la kijijini kwake ambalo huenda mwakani lisiwepo.