Ukiitwa Ofisini, Nenda: Mambo ya Kujua Kabla ya Kusoma Marekani

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusoma Marekani. Alimaliza kidato cha sita na daraja la kwanza, akapata ufadhili wa ada katika chuo kidogo jimbo la Iowa. Tiketi, viza na koti la baridi havikuwemo kwenye ufadhili. Baba mkubwa akauza ng'ombe watano pale nyumbani Shishiyu, na mkiona Msukuma anauza ng'ombe watano ili mtoto apate koti, jueni mambo ni mazito.

Mwezi Oktoba alinipigia simu saa nne usiku, kwake ikiwa saa nane mchana. Insha yake ya kwanza ya historia ilikuwa imerudishwa bila alama. Juu yake profesa ameandika maneno machache tu: njoo tuonane ofisini. "Mdogo wangu, nimekwisha," aliniambia. Alikaa siku tisa bila kwenda. Siku tisa! Anaingia darasani, anakaa nyuma, kengele ikilia anatoka wa kwanza.

Sikumshangaa, maana tumesoma shule za aina moja. Kwetu ukiitwa ofisini unajua kuna fimbo, au kuna deni la ada, au unaambiwa mzazi aje. Hakuna anayekwenda ofisi ya mwalimu kupiga stori.

Wengi wetu hapa chuoni tunaota kwenda kule, kwa shahada ya pili au kwa kubadilishana wanafunzi, na tukikaa kujadili tunaogopa vitu viwili: Kiingereza na baridi. Kwa jinsi nilivyofuatilia habari za kaka, hivyo viwili vinazoeleka ndani ya miezi michache. Kinachomwangusha mtu wetu ni tabia ambazo huku zilimfanya aitwe mwanafunzi mzuri: ananyamaza, ananakili vizuri, na anangoja mtihani wa mwisho ndipo aonyeshe makali.

Tuanze na kunakili, kwa sababu ndiko kulikomponza. Aya tatu za insha ile alikuwa amezitoa kitabuni neno kwa neno, bila kutaja kitabu. Hakuwa mwizi. Alikuwa amefanya kile ambacho sisi wote tumefanya tangu darasa la tatu: mwalimu anajaza ubao, sisi tunajaza daftari, na siku ya mtihani atakayerudisha maneno yaleyale ndiye wa kwanza. Hapa chuoni tumebadilisha jina tu, tunaita desa. Mwaka wa kwanza nilipata A ya somo moja kwa kumeza desa la kurasa arobaini, na leo ukiniuliza lilihusu nini nitakuambia kwa kubahatisha.

Kule kuchukua maneno ya mtu bila kumtaja ni kosa la kinidhamu. Unaweza kupata sifuri ya kazi, ukafeli kozi nzima, na ukirudia ukafukuzwa. Hata kubadilisha maneno mawili matatu na kuacha sentensi ilivyo ni kosa, na insha iliyoandikwa na programu ya kompyuta halafu ukaweka jina lako vyuo vingi vinaihesabu humohumo. Wanachotaka ni hiki: fulani anasema hivi, fulani mwingine anasema vile, mimi naona hivi kwa sababu hii. Hiyo sehemu ya "mimi naona" ndiyo inayotutoa jasho. Mtoto aliyelelewa kupiga magoti akiwaamkia wakubwa, leo aandike kwamba profesa mwenye vitabu vitano amekosea?

Siku ya kumi kaka akaenda. Anasema alisimama mlangoni mpaka mzee yule akamvutia kiti mwenyewe. Akamwuliza, kwenu mnaandikaje insha? Kaka akaeleza. Wakazungumza karibu saa nzima, akapewa wiki moja airudie, na akaelekezwa kwenye kituo cha uandishi cha chuo. Vituo hivi vipo karibu kila chuo cha Marekani na kwa kawaida havitozi pesa. Hawakuandikii. Unakaa na mtu, mara nyingi mwanafunzi mwenzako aliyefundishwa kazi hiyo, mnasoma insha yako pamoja na anakuuliza maswali mpaka unaona mwenyewe palipopwaya. Kaka alikwenda mara nne kwa insha moja. Akapata B.

Hapo ndipo alipogundua kitu kinachoitwa saa za ofisi. Kila mwalimu hutangaza muda, tuseme Jumanne na Alhamisi mchana, ambao anakaa ofisini kwa ajili ya wanafunzi. Muda huo ni wa kila mtu, wa wanaofaulu pia. Tena Wamarekani wenyewe wanaopata A ndio wanaojaa humo. Unakwenda na swali moja dogo, unatoka unajulikana jina. Ukija kuomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya shahada ya pili, anayekuandikia ni mtu anayekufahamu. Usipokwenda hata mara moja, atamwandikia nani?

Sasa hesabu ya alama. Hapa kwetu tumezoea 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Kwa hiyo mtu anaweza kuzubaa wiki kumi, bumu likiingia anatanua, halafu anakesha wiki mbili na anaokoka. Akikwama anapiga sapu. Kule mgawanyo ni wa mwalimu mwenyewe, na mara nyingi umekatwa vipande vidogo: majaribio ya kila wiki, insha mbili tatu, mtihani wa katikati, wa mwisho, na kuchangia darasani. Ndiyo, kuongea darasani kuna alama zake. Kaka alimaliza wiki sita bila kufungua mdomo akidhani anaonyesha heshima, kumbe mwalimu anaandika mviringo mtupu. Na sapu kama tunayoijua sisi usiitegemee. Ukifeli kozi, kwa kawaida unairudia yote.

Yote hayo yameandikwa kwenye karatasi inayogawiwa wiki ya kwanza, silabasi. Sisi silabasi tunaipiga picha na hatuifungui tena. Kule ni kama mkataba: tarehe za kila kazi, uzito wake, adhabu ya kuchelewesha, saa za ofisi. Kaka sasa hivi wiki ya kwanza ya muhula anakaa chini na kalenda, anahamisha tarehe zote za kozi zake zote. Anasema Oktoba huwa anaona mapema wiki ambayo insha tatu zitagongana, na anaanza moja Septemba.

Kuna jambo moja ambalo kwa Mmarekani ni kosa dogo ila kwa mgeni ni kurudi nyumbani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1 anatakiwa kusoma kozi kamili, yaani angalau krediti 12 kwa muhula. Kaka alipoona kemia inamshinda alitaka kuiacha kimyakimya kama alivyoona wenzake wakifanya. Angebaki na krediti 11. Bahati nzuri alimtajia mshauri wake wa masomo, yule mama akamshika mkono mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kozi inaweza kuachwa, na kuna tarehe ambayo ukiwahi inaandikwa W na haiingii kwenye GPA, ila mwenye F-1 akitaka kushuka chini ya 12 lazima ofisi ile iidhinishe kwanza. Kazi nayo ni hivyohivyo: muhula ukiendelea unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na ni ndani ya chuo. Mtu wa kwenu atakayekuambia kuna kibarua mjini cha pesa taslimu, mshukuru halafu kalale.

GPA yao, kwa njia, inaishia 4.0 na si 5.0 kama yetu. Kaka alipomwambia baba mkubwa amepata 2.9, mzee alilala na njaa.

Kuna zuri nalo. Sisi tumefungwa tangu kidato cha tano: wewe CBG, wewe HGL, basi, maisha yamekwisha. Kule vyuo vingi vinakuacha uonje masomo mbalimbali miaka miwili ya mwanzo kabla hujatangaza fani. Wangari Maathai wa Kenya alifika Atchison, Kansas, mwaka 1960, kwenye chuo cha masista cha Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, na pembeni akasoma kemia na Kijerumani, akahitimu 1964 na kuendelea na shahada ya pili Pittsburgh. Alikuwa mmoja wa vijana wa zile safari za ndege alizozipigania Tom Mboya. Ndege ya kwanza ya 1959 ilibeba wanafunzi 81. Wale hawakuwa na simu ya kumpigia mdogo wao saa nne usiku.

Kwa sisi wa ualimu nina wa kwangu ninayempenda zaidi, Peter Mbiyu Koinange. Aliondoka Kenya 1927 kwenda Hampton, Virginia, akasoma Ohio Wesleyan, kisha Columbia. Alirudi 1938, na mwaka uliofuata chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri.

Nilimkumbuka mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Jiografia kidato cha pili, palepale nyumbani. Nafundisha zao la pamba, nimejaza ubao. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, kwa nini pamba tunalima sisi halafu nguo tunanunua kutoka mbali?" Muda ulikuwa umebaki dakika nane na bado nilikuwa na vipengele vinne vya kuandika. Nikamwambia kaa chini, tutafika huko. Mimi, niliyekuwa nimemsikiliza kaka miaka miwili akilalamika kwamba hakufundishwa kuuliza! Kipindi kilichofuata nilimsimamisha, nikamwomba arudie swali lake mbele ya wenzake. Alisema amelisahau.

Kaka yuko mwaka wa tatu sasa. Anafanya kazi saa kumi kwa wiki kwenye kituo kilekile cha uandishi, anakaa na wanafunzi wapya na insha zao. Amenitumia silabasi zake mbili, ya historia na ya kemia ile aliyoirudia. Mwenye kutaka kuziona, ninazo kwenye simu. Jioni huwa nipo maktaba, meza za karibu na dirisha. Na kabla hujalipa wakala yeyote wa mtaani, nenda kwanza EducationUSA, huduma ya ushauri ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam.