Kifafa Hakiondoi Sura ya Mungu

Mwezi huu tutazame ugonjwa wa kifafa. Mtoto akianguka jikoni, wapo wanaokimbia kwa kuogopa povu lake, naye huungua huku watu wakimtazama. Woga huo hauna msingi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo; hauambukizwi kwa mate, wala kwa kula sahani moja.

Tufanye nini? Tumwondoe penye moto au maji. Tumwekee nguo laini chini ya kichwa. Tusimtie kijiko mdomoni, wala tusimkandamize. Akitulia, tumlaze ubavu. Zikipita dakika 5 hajatulia, tumkimbize hospitali.

Dawa zipo. Wengi wanaozimeza kila siku huacha kuanguka. Tusizikatishe bila kumwuliza daktari.

Kitabu cha Mwanzo (1:27) kinatufundisha kwamba mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Hakisemi mtu mzima wa afya tu. Basi mtoto huyu tusimfiche ndani. Aende shule, aje Misa, kwani naye Mungu amemwekea kazi yake. Na siku akianguka kanisani, tusihame benchi, tumsogelee.