Khofu Iliyokaa Vifuani mwa Mama Zetu

Ndugu zetu wa darasa la Siakago, somo letu ni juu ya maradhi yampatayo mama pale jirani anapotengwa na jirani, na dhulma ikakaa mlangoni.

Mfano tusiutafute mbali. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952. Tangu 1954 watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitolewa majumbani mwao wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Mzigo ukawaelemea wanawake.

Tuitazame hali ya mama huyo. Mchana alishurutishwa kuchimba handaki, na shamba lake likaota magugu. Usiku ni marufuku kutoka; mtoto akishikwa na homa, hana wa kumwita. Jirani aliyewekwa ubavuni pake hakumchagua, wala hajui kama ni mwenziwe au ni mpelelezi. Basi akaufunga ulimi. Hapa ndipo penye kiini cha somo: mwenye msiba hupumua kwa kusema na mwenziwe, na dhulma ile iliuziba mlango huo huo.

Lisilosemwa haliondoki. Hugeuka kukosa usingizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, huzuni, na ukali juu ya watoto wasio na kosa. Wako wasemao, "Karogwa." Wako wasemao, "Imani yake dhaifu." Kauli zote mbili ni batili. Aliyevunjwa mguu haulizwi imani yake, hufungwa gango. Na moyo nao huvunjika.

Jane Muthoni Mara alikuwa miongoni mwa walioishitaki serikali ya Uingereza huko London kwa mateso ya zama zile. Mwezi wa Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa watu 5,228. Yahisabuni, ndugu, miaka iliyopita kabla hawajasikizwa!

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuwasikilize mama na nyanya zetu bila ya kuwakatiza. Pili, aliyezidiwa tumpeleke hospitali kama tumpelekavyo mwenye homa. Tatu, tusikubali tena mtu yeyote, kwa siasa au kwa kabila, atutenge na jirani zetu. Kwani ukuta ukijengwa baina ya nyumba mbili, wa kwanza kuugua ni mama.

Wabillahi tawfiq.